Mgonjwa Aliyetapika Aliponiona Sokoni

Beseni halishikwi kwa mikono miwili. Nikikukuta wodini umelikumbatia hivyo, nitajua hakuna aliyekufundisha. Mkono mmoja unashika beseni, nalo limeegemea nyonga yako. Mkono wa pili ni wa mgonjwa. Unauweka mgongoni, katikati ya mabega, bila kupapasa, bila kumpigapiga kama mtoto mwenye kwikwi. Unautuliza hapo tu. Mtu anayetapika sana huona kama anaanguka, na huo mkono wako ndio unaomwambia kwamba chini kuna ardhi.

Hayo nilifundishwa na Sista Tabitha, muuguzi mkuu wa wodi ya kansa katika hospitali moja kubwa hapa Nairobi, wakati miaka ya sabini ilikuwa ikielekea ukingoni. Mimi Nduta nilikuwa msichana wa darasa la saba kutoka Gatina, kule Kawangware, nimeajiriwa kama mhudumu: kusugua, kubeba, kuosha, kulisha, na kushika hilo beseni. Sasa nimestaafu, magoti yananisengenya nikipanda ngazi, na nyinyi vijana wa kanisa letu mnaoanza kazi ya kuhudumia wagonjwa mmenishika mkono kila Jumapili mkiniita bibi kwa Kikuyu na kuniuliza, "Cucu, mlikuwa mnafanyaje bila hizi dawa mpya?" Nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo huwa naanza kucheka kabla sijafika mahali penyewe.

Nilikuwa mtu wa ndoto. Nikisugua sakafu, mimi akilini niko redioni, naimba, mpini wa brashi ndio kipaza sauti, na nchi nzima imenyamaza kunisikiliza. Sista Tabitha alikuwa akipita ananiambia, "Nduta, wale wasikilizaji wako wa chini ya kitanda cha dirishani hawajakupata vizuri." Maana yake hapo sijasugua. Hakuwahi kunikataza kuimba. Isipokuwa mara moja, na hiyo nayo nitaisema.

Nilipoingia kazini nilidhani kansa ni kitu kinachokaa mahali pamoja, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ukimtoa kupe, ng'ombe anaendelea na majani yake. Sista alinisahihisha tukiwa tunakunja mashuka. "Mwili ni kama ploti zenu za Kawangware, vyumba vya kupanga vimeshikana ukuta kwa ukuta," akasema. "Mtu akikaanga kitunguu chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anajua. Hakuna jambo la mtu mmoja." Akanieleza kwamba kuna mishipa ya damu, na kuna mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva, inayopeleka habari kutoka kidoleni hadi ubongoni na kurudi. "Kansa inaweza kuibana hiyo mishipa. Dawa ya kansa inaweza kuichoma. Na mishipa yenyewe haikai kimya, inajibu. Wewe kazi yako ni kusikiliza inavyojibu."

Nilisikiliza kweli siku ile ya mzee mmoja mchonga mawe. Kansa yake ilianzia kwenye tezi dume. Asubuhi nilimpelekea chai, akaniuliza huku akicheka, "Msichana, hebu niambie, hii miguu leo ni ya nani? Mimi siifahamu." Nami nikacheka. Nikaenda kumsimulia Sista huo utani tukiwa kwenye sinki. Nilipogeuka nimpokee kikombe cha kupangusa, Sista hayupo. Kikombe kiko majini, yeye tayari yuko kwa daktari. Uvimbe ulikuwa umebana uti wa mgongo wa yule mzee, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapelekwa kwenye mashine ya miale. Alitoka hospitali akitembea kwa fimbo, lakini akitembea. Kwa hivyo shikeni hili moja, hata kama mengine yote mtayasahau: mgonjwa wa kansa akikwambia miguu imekufa ganzi, au mkojo umegoma kutoka, usimalizie kikombe unachoosha.

Lakini niliyekusudia kumsema ni Mama Awuor.

Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mpangaji wa Laini Saba, Kibera, chumba chake kikitazama reli. Alikaanga samaki mlangoni pake, na alikuwa na sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya reli, treni ikiwa katikati, na mteja akasikia. Alikuja wodini na vifundo shingoni, vikubwa kama viazi, na kitambaa amekifunga kuvificha. Daktari alimwambia ukweli wote nikiwa pale namshikia sharubati. "Mama, hii kansa ya tezi za limfu ni mojawapo ya zile tunazoweza kuzishinda. Lakini dawa lazima uimalize. Ukiacha katikati itarudi, na ikirudi haitatuheshimu tena."

"Nitamaliza," akasema Mama Awuor. "Mimi hata samaki siachi katikati."

Alikuwa aje kila baada ya majuma matatu, atundikiwe dripu. Mara ya kwanza tu, vile viazi vilianza kuyeyuka. Yeye mwenyewe alikuwa akijipapasa shingo, anaita wodi nzima, "Njooni muone! Shingo yangu imerudi ya msichana!" Mimi nikaenda nyumbani nikiimba barabara nzima.

Sasa sikilizeni makosa yetu yalivyokuwa ya upendo. Akoth, dada yake, alikuwa akimletea chakula siku ya dawa. Na ni chakula gani utampelekea mtu wako siku ngumu? Kile anachokipenda kuliko vyote. Akoth alileta ngege, samaki mpana wa ziwani, amepikwa kwa nyanya hadi mchuzi umekuwa mzito, na ugali umefunikwa kwa kitambaa. Mimi nami nikihimiza, "Kula, mama. Dawa ikukute una nguvu." Anakula. Anatundikiwa dripu. Kisha beseni, saa baada ya saa.

Mara ya tatu Akoth alifunua bakuli, na kabla hata sindano haijatafutwa, Mama Awuor akatoa kichwa nje ya kitanda na kutapika. Akoth akasimama na kifuniko mkononi kama aliyefiwa.

"Sista! Dada yangu ametapika ngege! Mtu wa kwetu? Ngege?"

Mama Awuor alilia siku hiyo kuliko alivyolia alipoambiwa ana kansa. Kansa ni ugonjwa. Samaki ni yeye mwenyewe.

Sista Tabitha alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya sana. "Mama, tumbo lako halina wazimu," akasema. "Tumbo likichafuka, ubongo hutafuta wa kulaumu. Unaangalia nani alikuwa karibu. Dawa hukuiona, ilipitia mkononi kwa sindano, haina ladha, haina harufu. Lakini samaki uliwaona. Basi umewashtaki samaki, na umewahukumu."

"Bila kesi?" Mama Awuor akauliza.

"Bila kesi. Ndivyo babu zetu walivyoishi msituni. Aliyekula tunda baya na kuugua hakungoja kulionja tena."

Tangu siku hiyo wodi yetu ilipata sheria mpya. Chakula unachokipenda usikile siku ya dawa. Kula kitu usichokijali. Na Sista akaleta peremende za kikohozi, zile kali za mkaratusi, ambazo hakuna mtu mwenye akili anayezitamani. Kila mgonjwa anamumunya moja dripu ikianza, ili ubongo ukitafuta wa kumlaumu, umkute huyo. Sista, mtu wa Biblia, alimwita mbuzi wa Azazeli, yule aliyebebeshwa dhambi za watu akafukuzwa nyikani. Wagonjwa wao walimwita mshtakiwa. "Nduta, niletee mshtakiwa wangu!" Niliona watu wazima wakimumunya huku wanakunja uso, na siku nyingine wakarudi na hamu yao ya githeri, yale mahindi na maharagwe, na ya matumbo ikiwa salama. Mimi mpaka leo nikiwaza jinsi mwanamke yule alivyosoma mwili wa binadamu kwa kuutazama tu, namvulia kofia.

Ila kwa Mama Awuor tulikuwa tumechelewa kidogo. Ubongo wake ulikuwa umeandika majina mengine. Ulikuwa umeona sare yangu ya kijani. Ulikuwa umesikia harufu ya dawa ya sakafu mikononi mwangu. Ulikuwa umenisikia nikimwimbia polepole, maana nilipenda kumwimbia wimbo mmoja wa kanisani nikimshikia beseni. Sista ndipo aliponikataza, ile mara moja. "Imba mahali pengine. Utamharibia Jumapili zake."

Sikumwelewa hadi ile Jumamosi sokoni Kawangware.

Nilikuwa nachagua nyanya kwa cucu mmoja mzee. Sina sare, nimevaa gauni langu la maua, nimejifunga kilemba. Nikainua macho, namwona Mama Awuor anakuja na kikapu, amekuja kununua mafuta ya kukaangia. Moyo wangu ukafurahi. Nikapunga mkono juu. "Mama Awuor! Habari yako, mama?"

Alinitazama. Akafungua mdomo ajibu salamu. Kilichotoka hakikuwa salamu. Aliinama pale pale, kando ya fungu la nyanya, akatapika mpaka magoti yakagusa ardhi.

Nikamkimbilia, mkono mgongoni kama nilivyofundishwa, na kadiri nilivyomshika ndivyo alivyozidi. "Toka," akaniambia, machozi yakimtiririka. "Nduta, tafadhali, toka. Ni wewe."

Soko zima lilisikia. Ni wewe.

Yule cucu wa nyanya alijivuta nyuma na mizani yake. "Wewe msichana, umemfanya nini mama wa watu?"

"Sijamfanya kitu, cucu. Ni mgonjwa wetu wa hospitali."

"Alikuwa mzima mpaka akakuona!"

Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Mwenye ploti yetu, Mama Kihara, alinisubiri langoni, mikono kiunoni. Familia yake ilikuwa na ardhi Gatina tangu zamani, na hakuna mpangaji aliyepiga chafya asijue. "Nduta," akasema, "mimi ni mtu wa kanisa, hayo mambo siyaamini. Lakini hebu niambie polepole, ulimtazama vipi?" Kwa majuma mengi wanawake wa ploti walikuwa wakifunika nyuso za watoto wao nikipita kwenda bombani. Nilipoteka maji, foleni ilikuwa inafunguka yenyewe. Sitasema uongo, hiyo ya foleni nilikuja kuitamani baadaye.

Lakini usiku... hapana, hata mchana, jambo lililonikaa kooni halikuwa uvumi. Siku ya dawa ya Mama Awuor ilifika, na kitanda chake kikabaki na shuka limenyooka. Alikuja Akoth peke yake.

"Amekataa," Akoth akasema. "Anasema akifika tu kwenye geti la hospitali tumbo linageuka. Juzi amepita mtu na sare ya kijani, ametapika. Anasema mwili ukikataa umekataa, yeye si ng'ombe wa kuburutwa. Na pale kwetu kuna watu wanamwambia hiyo ni ishara, Mungu anamtolea ile sumu."

Daktari alivua miwani akajisugua macho. Alikuwa mwema, na alikuwa ameona wengi wakiondoka hivyo. "Vifundo vimebaki vidogo," akasema. "Amefika karibu kabisa. Akiacha sasa..."

Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye mwenye uso uliokataliwa. Nililia. Nilimwambia Sista anihamishe, nipelekwe jikoni, nipelekwe kufua, ili mama wa watu aje.

"Uende wapi?" Sista akasema. "Geti nalo nilihamishe? Dripu je? Ule mwili umejifunza uongo, lakini umeujifunza kwa bidii sana, Nduta. Huo si ujinga, ni akili nyingi. Kilichojifunza kinaweza kujifunza tena. Utaenda kwake."

"Atanitapikia!"

"Ndiyo. Kwa hivyo utaanzia mbali."

Masharti yake haya hapa, na nyinyi mnaotembelea wagonjwa nyumbani mtayahitaji. Usivae sare. Usinawe kwa sabuni ya wodi. Usitaje dawa wala hospitali. Simama mbali kiasi ambacho anaweza kukuvumilia, hata kama ni umbali wa shamba zima. Halafu kubwa kuliko yote: usiondoke wakati hofu imempanda. Ukiondoka hapo, mwili wake utasema, "Mnaona? Nimeogopa, na adui amekimbia." Ngoja atulie, ndipo uage. Mwili ujifunze kwamba Nduta alikuwepo na hakuna kilichotokea.

Basi nikawa natoka kazini, natembea hadi Kibera, nasimama ng'ambo ya reli kuelekea mlango wa Mama Awuor. Pale pembeni palikuwa na fundi wa masufuria, akigonga mabati kutwa nzima. Siku ya kwanza alinitazama, akaacha nyundo.

"Sema, dada. Unangoja nini? Treni haisimami hapa."

"Nangoja yule mama atulie tumbo."

"Ah, basi kaa chini. Hapa Laini Saba tunangoja hilo hilo sote."

Mama Awuor alinijua hata kwa mbali. Nilimwona akishika ukuta na kuinama, na Akoth akipiga kelele kuvuka reli, "Nduta, usisogee! Simama hapo hapo kama mlingoti!" Nikasimama. Sikupunga mkono. Nilitazama kuku wa watu. Baada ya muda mrefu Mama Awuor aliinuka, akajipangusa mdomo, akarudi kwenye karai lake la mafuta. Hakuna kilichotoka. Nikaenda zangu.

Mara iliyofuata nilisimama kwenye kokoto za reli. Mara nyingine, kwenye mtaro. Wateja wake walinizoea, wakawa wananiita Signali, kama ule mlingoti wa reli unaoongoza treni. "Signali leo imeshuka, imekaribia!" Yule fundi akawa ananitangazia maendeleo yangu kwa nyundo. Mama Awuor naye alianza kucheka, na nikagundua kwamba akicheka tumbo lake husahau kazi yake. Kwa hivyo mimi, niliyeota kuimbia nchi nzima, nikawa kichekesho cha Laini Saba, na sijawahi kuwa na wasikilizaji wazuri kama wale.

Siku nilipofika mlangoni, harufu ya samaki ilinipiga usoni, nami bila kujua nikaficha pua ndani ya kitambaa. Aliona.

"Wewe! Mbona unajifunika?"

Ikabidi niseme. "Mama, sisi nyumbani tulikua tukiambiwa samaki ni binamu wa nyoka. Sijawahi kumweka mdomoni."

Alinikodolea macho. Halafu akaangua kicheko, akapiga paja. "Akoth, njoo usikie! Mimi natapika nikimwona huyu mtoto, na huyu mtoto anatapika akimwona samaki wangu! Sasa mgonjwa ni nani hapa?"

"Wote wawili," Akoth akasema. "Na mimi nitakuwa wa tatu kwa kuwatazama."

Ndipo tulipofanya mapatano. Siku nitakayokula samaki wake, naye atarudi kumaliza dawa. Hapana, nimekosea, yeye aliyageuza. "Nikirudi nikamaliza dawa," akasema, "siku hiyo tutakula samaki pamoja, mimi na wewe. Wote tukiwa tunaogopa." Maana hata yeye, kumbukeni, alikuwa akikaanga tu kwa ajili ya wateja, pua ameigeuzia upande, na kwa miezi hakuwa ameonja hata mkia.

Wakati huo huo niliona kidole chake kimevimba malengelenge. Alikuwa na kawaida ya kugeuza samaki ndani ya mafuta kwa ncha za vidole, haraka haraka, na majirani walimsifia kwa hilo. Sasa dawa ilikuwa imekula hisia za vidole. Aliungua na hakujua mpaka alipoona ngozi. Nilimfunga kidole, nikampa somo la Sista kwa wagonjwa wenye ganzi: macho yako ndiyo vidole vyako sasa. Tumia koleo. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana msumari unaweza kukaa na wewe kutwa nzima bila kujitambulisha. Mengi ya ganzi hiyo hupungua dawa zikiisha, polepole, na kwake ilipungua, ingawa si yote.

Nikiwa nimemshika kidole hivyo, ghafla aliniponyoka, akaruka ukutani na kukumbatia rafu ya vikombe vyake vya bati kwa mikono yote miwili.

"Nini, mama?"

"Treni."

"Mimi sisikii treni."

"Ngoja."

Nilingoja. Kweli, ikaja, ikatikisa chumba mpaka vumbi likadondoka darini, na vikombe vikatulia kifuani pake kama vifaranga. Ilipopita alivirudisha kimoja kimoja. Kisha akasimama pale, mgongo umenigeukia.

"Nduta," akasema, "ndicho kitu tumbo langu linafanya. Linashika vikombe kabla ya treni."

Kwenye mkeka pale chini alikuwa amelala mtoto mchanga wa jirani, aliyeachiwa Akoth amtazame. Treni yote ile ilipita, na hakujipindua hata mara moja. Mama Awuor alimtazama.

"Na huyu je? Huyu amezaliwa hapa. Kwake treni ni bembelezo." Akaketi kando ya mtoto. "Kumbe mtu anaweza kufundishwa kulala."

Sikusikia daktari yeyote, wala Sista mwenyewe, akilisema vizuri kuliko hivyo.

Alirudi hospitali. Msidhani alirudi kama malaika. Getini alinishika mkono akauminya, akatema mate, akasimama, akatema tena. Nilikuwa nimejitanda leso yake juu ya sare yangu, ile ya kukaangia samaki, yenye madoa ya mafuta, ili macho yake yapate kitu cha nyumbani. Ilinuka samaki, na mimi nilikuwa nahema kwa mdomo. Tukaenda hatua mbili, tukasimama. Askari wa getini akauliza kama tunahitaji kiti cha magurudumu. "Hapana," akasema Mama Awuor, "tunahitaji subira."

Ndani, Sista alikuwa amembadilishia kitanda, akampa cha dirishani. Beseni lilikuwa jipya, la manjano. Mshtakiwa alikuwa tayari kwenye sahani. Na daktari, Mungu ambariki, alikuwa amevua koti lake jeupe na kulitundika nje, akaja na shati tu, kama mtu anayetembelea shangazi. Dripu ikatundikwa. Mama Awuor akamumunya peremende, amekunja uso, ananitazama mimi moja kwa moja. Tulikaa hivyo. Beseni lilikuwa kavu.

Baadaye, dawa ilipofanya kazi yake, alitapika, tena sana. Nilimshika mgongo. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu, uso umelowa jasho.

"Hii sasa," akasema, "ni kutapika kwa haki."

Aliendelea hivyo mpaka dripu ya mwisho. Daktari alimpapasa shingo, upande huu, upande ule, akarudia. "Mama, natafuta na sipati." Sista Tabitha akageukia dirisha, akajifanya anarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro. Vile vifundo havikurudi, na mimi nilimfahamu mama huyo miaka mingi baada ya hapo.

Jumamosi moja alikuja Kawangware kwa makusudi, akanitafuta sokoni, akanikumbatia mbele ya yule cucu wa nyanya, akanishikilia muda mrefu ili kila mtu ahesabu. "Mmeona?" akawauliza kwa ile sauti yake ya kuvusha reli. "Simtapikii tena!" Mama Kihara alidai kwamba yeye hakuwahi kuamini chochote.

Siku hizi nasikia wataalamu wanasema uvimbe wenyewe unaweza kutambaa ukifuata mishipa ya fahamu, kama mmea unaotambaa unavyofuata uzio, na kwamba bado wanachunguza jinsi hivi viwili vinavyosemezana. Nafurahi. Ningekuwa kijana kama nyinyi, ningeota hilo badala ya redio. Neno moja tu: msimwambie mgonjwa kwamba hofu yake ndiyo iliyomletea kansa. Hakuna aliyelithibitisha hilo mbele yangu, na mzigo alionao unamtosha. Hofu yake itazameni kama Sista alivyoitazama, kama kazi ya mwili hodari uliojaribu kumlinda mwenyewe.

Mapatano nayo yalitimizwa. Tuliketi chumbani mwake Laini Saba, mimi, yeye na Akoth, ngege mmoja mkubwa katikati, macho yake yakinitazama. "Wewe kwanza," nikasema. "Hapana, wewe mgeni," akasema. Tukabishana mpaka Akoth akasema atamla peke yake. Mwishowe tulimega pamoja, mimi nimefumba macho, yeye amenitumbulia yake. Nilitafuna. Nilimngoja yule nyoka. Hakuja. Nilipofumbua macho Mama Awuor alikuwa ameacha kutafuna, mkono uko tumboni, anasikiliza ndani yake. Akoth naye ameacha kupumua. Halafu Mama Awuor akameza, akamega tena, kipande kikubwa zaidi, cha shavuni kule kwenye utamu.

Hapo ndipo vikombe vilianza kugongana kwenye rafu. Akoth akaruka avishike.

"Wacha," Mama Awuor akasema, mdomo umejaa. "Wacha vicheze."